Miezi Isiyofaa Kusafiri

Kambi ya Wapasua Mbao, Merigi
9 Juni 1930

Kwa ndugu yangu mpendwa Phelix Obonyo,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, mume wangu Nyang'au ni mzima, na kazi ya mbao inaendelea. Nakuandikia kwa Kiswahili na si kwa Kijaluo chetu kwa sababu Nyang'au ni Mkisii, na anasema si vizuri barua itoke nyumbani kwake ikiwa na maneno asiyoyajua. Basi tutaandikiana hivi.

Huku kwetu ni baridi. Msitu umetuinamia, ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Nikifua nguo Jumatatu, Ijumaa bado ninazianika juu ya moto, na zinanuka moshi. Tangu harusi sijashuka hata mara moja. Dereva wa mkokoteni aliniambia Mama anakohoa huko Soin tangu Pasaka, nami nataka kwenda kumwona.

Wewe ndiye unayempimia meneja mvua, unaijua nchi hii. Niambie ni mwezi gani mwanamke anaweza kusafiri kutoka Merigi mpaka Soin. Kama kuna mwezi ulio karibu, niambie huo.

Dada yako,
Dorcus Adoyo

Nimeisoma barua hii, ni sawa. Salamu, shemeji. — Nyang'au.


Shamba la Chai, Kericho
21 Juni 1930

Kwa dada yangu Dorcus,

Barua yako imefika na mkokoteni wa mbao, ikiwa imelowa pembeni tu. Nimefurahi sana kwamba umeniuliza jambo ninalolijua. Hapa mimi ni karani wa mizani tu, napima majani ya wachumaji, lakini kila asubuhi kabla ya mizani naenda kwenye kile chombo cha shaba cha meneja, nayasoma maji yaliyonyesha jana. Nimefanya hivyo tangu nilipofika.

Watu wanasema kuna mvua ndefu na mvua fupi. Hiyo ni kweli kwa nchi nyingine. Hapa Kericho hakuna mwezi usio na mvua, kuna miezi yenye mvua kidogo. Asubuhi jua linawaka vizuri, mtu anadhani leo nguo zitakauka. Saa nane mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, yanagonga milima, na saa tisa maji yanamwagika. Chai inapenda hivyo. Msafiri hapendi.

Sasa sikia. Mwezi huu na ujao baridi ni kali, na mtu akilowa huko kwenu juu anaweza kupata ugonjwa wa mapafu. Mwezi wa nane mvua inarudi na nguvu, tena na mawe; mwaka jana mawe yalichana majani ya chai mpaka wachumaji wakarudi nyumbani na vikapu vitupu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja unaweza kudanganywa na jua, halafu mto Kipsonoi unajaa nyuma yako na mto Itare mbele yako, ukabaki katikati. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita usiulize kabisa. Wakati mzuri ni Januari na Februari. Njia ni kavu, mito imelala, na ukifika Kapsoit unaanza kuhisi joto la chini, Soin yenyewe ni jua tupu.

Kwa hiyo ngoja mpaka mwezi wa kwanza. Usijaribu kabla ya hapo, tafadhali. Mama anakohoa lakini anakwenda sokoni. Mwambie shemeji kwamba mimi ndiye niliyesema.

Ndugu yako,
Phelix Obonyo


Merigi
2 Julai 1930

Kwa Bwana Phelix Obonyo,

Shemeji, barua yako imenifurahisha. Mimi nilimwambia dada yako maneno hayo hayo, lakini mwanamke hamsikii mume, anamsikia ndugu yake. Nimemsomea mara mbili. Halafu nimeibandika ukutani juu ya kitanda, ili kila akiamka akiwa na mawazo ya safari aione.

Viatu vyake vya harusi nimevichukua, nimeviweka kwenye sanduku langu la misumeno visiharibike na matope. Hatavihitaji mpaka mwezi huo uliousema.

Usiwe na wasiwasi juu yake. Hapa anakaa ndani, hanyeshewi.

Wako,
Nyang'au


Kericho
28 Januari 1931

Dada Dorcus,

Kulikoni? Nilikuandikia mwezi wa kumi na mbili kwamba njia imekauka, na dereva akaniapia kwamba barua ameifikisha. Mama alikwenda Kapsoit siku ya soko, akakaa kwenye jiwe karibu na duka la Mhindi tangu asubuhi mpaka watu walipoanza kufunga mizigo. Juma lililofuata akaenda tena. Kikohozi kimepungua, sasa anaumwa na kungoja.

Sijaona Januari nzuri kama hii. Chombo changu kimekauka, ndani yake nimekuta buibui. Ukikosa kusafiri sasa, utasafiri lini?

Phelix


Merigi
11 Februari 1931

Kwa ndugu yangu Phelix,

Nimepokea barua yako. Mume wangu amefikiri vizuri na mimi nimekubaliana naye. Nyasi zimekauka mno, watu wanachoma malisho, na moto unaweza kumfunga msafiri pande zote. Tena njia ikiwa nzuri, watu wabaya nao wanapita. Ni afadhali kungoja mvua ipoze nchi. Mvua ikianza njia zitakuwa mbaya, basi tutangoja iishe, halafu tutaona.

Usimwambie Mama kwamba nitakuja. Mimi ni mzima. Sina haja ya kitu chochote.

Dorcus, mke wa Nyang'au


Merigi
22 Machi 1931

Phelix,

Barua hii haijasomwa na mtu. Inaletwa na Bonareri, mke wa mwinjilisti Mosoti, ambaye huja hapa kambini kuuzia wapasua mbao unga wa wimbi. Yeye na mumewe wanapeleka wimbi Kericho juma hili. Karatasi ametoa yeye. Hata sasa nikiwa peke yangu mkono unaandika Kiswahili tu, umezoea kusimamiwa.

Ile barua yako ya mwisho, uliyojibu ile ya Februari ukisema kwamba nimeolewa nikamsahau aliyenizaa, Nyang'au aliisoma kwa sauti mbele ya watu wake wakati wanakula. Mimi nilikuwa nawapakulia. Nimeiweka moyoni lakini sikukasirika. Ungejuaje? Barua ya Februari alinitajia neno kwa neno, mimi nikaandika. Niliposimamisha kalamu penye Mama, alinishika shingo hapa nyuma, hakukaza, alishika tu, mpaka nikaendelea.

Phelix, mimi siruhusiwi kupita kijito cha maji ya kunywa. Mwanzoni alisema ni chui. Halafu akasema ni vijana wa Kipsigis. Ilipokuja barua yako akaacha kutafuta maneno. Nikisema neno Soin ananyoosha kidole ukutani. Kila mwezi una ubaya wake pale, wewe mwenyewe umeuandika. Mwezi wa kwanza, uliosema ni mzuri, ndipo alipoweka mtu pale njia inapotoka msituni, akamwambia aangalie mbao zisiibiwe. Nilijaribu. Yule mtu alinirudisha kwa heshima, akinibebea kifurushi. Nyang'au hakunipiga mbele yake. Alimshukuru, akampa nyama.

Huyu si mtu wa kulewa. Anasali. Usiku mwingine ananiambia kwamba mke wake wa kwanza aliondoka asubuhi moja ya jua zuri na hakurudi, na kwamba hatakuwa mjinga mara mbili. Namhurumia anaposema hivyo. Lakini kumhurumia hakunifungulii mlango.

Nimefikiri. Nitaondoka mvua ikishika. Wakati huo misumeno inasimama, wanaume wote wanakaa bandani wanacheza karata, na Nyang'au anaamini mito inamlindia. Haweki mtu njiani. Najua umesema mwezi wa nne mtu asiulize. Ninauliza. Niambie nitapitaje.

Usinijibu kwamba ningoje. Kuna sababu nyingine siwezi kungoja, hiyo nitakuambia tukionana. Mpe Bonareri jibu, si dereva.

Dorcus


Kericho
29 Machi 1931

Dada,

Bonareri yuko nje ya ofisi ya mizani, ananingoja, kwa hiyo naandika haraka. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimeisoma tena nimekaa.

Maneno yaliyo ukutani yaache ukutani. Sasa sikia haya.

Mvua ya huku haianzi asubuhi. Toka alfajiri, wakati ukungu bado mzito, na utapata nusu ya siku iliyo kavu. Mito haijai inaponyesha mahali ulipo, inajaa mvua ya alasiri inapoteremka kutoka msituni. Kwa hiyo jioni na asubuhi mapema maji ni makali. Jua likifika utosini yanapungua. Vuka hapo, usivuke wakati mwingine, hata ukimwona mwanaume mwenye nguvu anavuka. Ukishavuka, tafuta nyumba kabla ya mawingu kugusa milima. Kipsigis hawamfukuzi mwanamke aliyelowa, hasa ukiingia kwa mama mzee. Usipite njia ya mikokoteni, dereva yeyote atakutambua. Bonareri anasema atakuvusha Kipsonoi yeye mwenyewe, kisha mumewe atakupeleka mpaka utakapoiona Itare.

Jumatatu ya Pasaka kazi imesimama. Nimeomba ruhusa ya siku hiyo moja, nimepewa. Nitakuwa kwenye kivuko cha Itare, upande wa huku. Jumanne asubuhi lazima niwe kwenye mizani. Chai inachipua sana wakati huu na mkataba wangu haujaisha, mtu akikosekana anapelekwa kwa hakimu.

Lete blanketi. Jifunge nguo juu ya magoti.

Phelix


Merigi
13 Aprili 1931

Kwa Bwana Phelix Obonyo,

Shemeji, salamu. Mke wangu hayupo. Aliondoka siku ya Pasaka sisi tukiwa kwenye ibada, kukiwa na ukungu. Viatu vyake bado viko kwenye sanduku langu. Nimetafuta mpaka Kipsonoi na watu wa pale wanasema hakuna mtu anayeweza kuwa amevuka peke yake katika maji yale.

Wewe ni mtu wa kweli, uliniandikia ukweli kuhusu nchi hii na mimi nikaufuata. Basi uniandikie ukweli tena. Kama yuko kwako mrudishe kabla sijaja mwenyewe na polisi. Kama amekufa majini, niambie ni mto gani, nikachukue mwili.

Ana kitu changu. Nadhani hakukwambia.

Nyang'au


Jela, Kericho
17 Mei 1931

Kwa dada yangu Dorcus, kwa mkono wa mama yetu Jerusa, Soin,

Askari mmoja wa hapa ni mtu wa kanisa letu, amenipa nafasi ya kuandika na atampa barua hii mchuuzi anayeshuka. Usilie ukiona nimeandika kutoka wapi. Tunalala wengi na sakafu ni ya baridi, lakini tunakula, na kazi ni kuvunja mawe ya barabara.

Tulipokuwa pamoja hatukusema mengi, wewe ulikuwa umechoka na mimi nilikuwa natafuta njia. Nataka ujue niliona nini upande wangu.

Nilifika Itare Jumatatu asubuhi. Ilikuwa imenyesha tangu jana yake bila kupumzika, kitu ambacho sijakiona tangu nianze kazi ya kupima mvua. Nikajiambia, jua likifika utosini yatapungua. Jua halikuonekana. Maji yalikuwa mekundu, yalipitisha gogo zima la mti likigeuka kama mtu anayelala vibaya. Halafu ukatokea pale ng'ambo na Mosoti. Nikakuita. Niliona mdomo wako unafunguka lakini sikusikia kitu, mto ulikuwa unapiga kelele kuliko sisi. Nikakuonyesha kwa mikono kwamba ukae. Mosoti akakushika mkono. Ndipo ukageuka upande, ukavuta blanketi nyuma, ukaweka mkono hapo mbele ili nione.

Nikaona. Nilikaa chini kwenye matope, Dorcus. Nilikuwa nimekuandikia ukimbie wakati wa mafuriko, ukiwa na mimba, nami sikujua.

Baadaye mvua ikaanza tena, bibi mmoja wa Kipsigis wa upande wako akaja kukuchukua. Mimi nilibaki. Kila nikitazama njia ya Kericho nilikuwa naona mizani, wachumaji wamejipanga, na meneja anauliza karani yuko wapi. Nilikuwa bado naweza kuwahi. Nilijua pia kwamba nikiondoka, kesho utaamka uone ng'ambo hakuna mtu. Giza lilipoingia nikaenda kulala kwenye zizi la mbuzi la wazee fulani waliokuwa wanangoja ng'ombe wao wavushwe kutoka upande wako.

Jumanne adhuhuri uliona mwenyewe jinsi walivyofanya: waliingiza ng'ombe kwanza, wakawapanga upande maji yanakotoka, miili yao ikavunja nguvu ya mto, na nyuma yao pakawa na njia nyembamba ya maji ya kifuani. Wewe unakumbuka baridi, nadhani. Mimi nakumbuka kwamba ulipofika katikati uliteleza, ukapotea kabisa, kisha ukatokea umeshika mkia wa maksai mweusi. Mzee akaanza kucheka, na wewe ukacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu kabla ya harusi.

Nilipokukabidhi kwa Mama pale Kapsoit nilirudi shambani mwenyewe, sikukamatwa njiani kama watu wanavyosema. Hakimu aliniuliza kama nilikuwa na sababu ya kuvunja mkataba. Nikasema sina. Ningesema ninayo, angeuliza ni sababu gani, na karani wake Gekara ni mtu wa kwao Nyang'au, angeandika jina lako na jina la Soin. Hakimu akatikisa kichwa, akasema mtu aliyesoma kama mimi anapaswa kuwa na akili zaidi.

Nikitoka hapa lazima nirudi shambani kumaliza siku nilizobakiza na hizi nilizopoteza. Sitarudi kwenye mizani, nimeambiwa nitapewa jembe. Chombo cha mvua amepewa mtu mwingine. Sitaweza kuja kukuona. Nyang'au ameniandikia barua, sikumjibu. Kama anadhani mto umekuchukua, aendelee kudhani hivyo mpaka ujifungue.

Ndugu yako,
Phelix


Soin
24 Januari 1932

Ndugu yangu Phelix,

Naanza na habari ya mtoto ili usihangaike. Ni mzima. Ameota meno mawili na anamng'ata Mama kidole kila siku. Kama ulivyosikia, ni msichana. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, na kwa desturi yetu kila mtu alitaka aitwe Akoth. Nilikataa. Mvua haikunihurumia, ilininyeshea tu kama inavyonyeshea kila mtu. Nimemwita Bonareri. Wanawake wa hapa wanauliza Mjaluo gani anaitwa hivyo, Mama anawajibu wamwulize mtoto mwenyewe.

Ya pili ni hii. Nyang'au amekuja.

Nilijua atakuja sasa. Tangu Krismasi, njia zilipoanza kutoa vumbi, sikulala vizuri. Watu wote wanafurahi kwamba ni wakati wa kutembeleana, mimi nilikuwa nachungulia kila anayeteremka kilima. Alikuja juzi, kabla ya chakula cha mchana, peke yake, bila polisi; nani alimwambia kwamba niko hai, sijui. Amekonda. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na amebeba viatu vyangu vya harusi mkononi, amevifunga kamba pamoja.

Mama alikuwa anaanika dagaa. Hakusimama. Alimwambia, "Karibu, kiti kiko pale nje." Nyang'au akakaa. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto. Sitakudanganya, Phelix, nilishika mwimo wa mlango.

Akasema, "Nilikutafuta mtoni. Nilikodisha watu waingie na kamba. Nilifanya matanga."

Nikasema, "Nilisikia."

"Ulisikia ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Akaniomba amwone mtoto. Mama alinitazama, nami nikampa. Alimshika vizuri, kama mtu anayejua kushika. Mtoto akamvuta kifungo cha koti. Alimwangalia muda mrefu, halafu akasema, bila kuinua macho, "Chukua vitu vyako. Njia ni kavu, hata mtoto anaweza kusafiri."

Maneno yale yalinirudisha kitandani kule Merigi, chini ya ukuta ule. Nilihisi nimevutwa, kana kwamba mwili ungeanza kwenda wenyewe. Mama akaacha dagaa. Akina mama wa kanisa, Yunia na wengine, walikuwa wameona mgeni wakaja mmoja mmoja, wakakaa kwenye majani kando ya nyumba. Walikaa tu, kama watu waliokuja kupumzika.

Nikasema, "Siendi."

"Wewe ni mke wangu."

"Najua. Siendi. Ukitaka kumwona mtoto, njoo umwone hapa, utapewa kiti. Ndani hutaingia, na mimi sitatoka nawe. Kama unataka baraza la wazee, liite. Nitasimama niseme mbele yao kila kitu, hata habari ya shingo."

Nilidhani atasimama anipige, nikajiandaa. Badala yake alimrudisha mtoto mikononi mwangu, akanyoosha koti lake. Akawatazama wale wanawake, akatazama njia aliyokuja nayo. Jasho lilikuwa linamtiririka, hajazoea joto la huku.

"Sitaita wazee," akasema. "Nitasema nini mbele yao?"

Sijui kama ni kweli, na sijui kama hatarudi. Mama anasema usiku nifunge mlango kwa gogo, nami ninafunga. Mwaka mzima nilikuwa nafungiwa, sasa ninajifungia mwenyewe. Si mambo yaleyale, lakini gogo ni zito vilevile. Ukimaliza siku zako shambani, njoo ukae nasi kidogo kabla ya kutafuta kazi nyingine, nipate kulala.

Aliweka viatu chini karibu na kiti, akaanza kuondoka. Alipofika penye ua akageuka. Hakuwa na hasira tena usoni. Alikuwa kama mtu aliyebeba swali moja tangu Pasaka na hajapata wa kumjibu.

"Itare ilikuwa imejaa," akasema. "Kipsonoi ilikuwa imejaa. Viatu nilikuwa navyo mimi. Ulipitaje?"

Nikamwambia, "Kwa miguu."

Dada yako,
Dorcus Adoyo